Mwonjaji

Wafalme wa zamani walikuwa na mtu aliyetangulia kuonja chakula chao. Hakutakiwa kujua jina la sumu; alitakiwa kudhurika mapema. Akibaki mzima, mfalme alikula. Akianguka, sahani iliondolewa. Aibu ya desturi hiyo haikuwa katika kuonja, maana kila mpishi huonja. Ilikuwa katika kumgeuza mtu kuwa kipimo.

Kazi hiyo imepata mtumishi mwingine. Mwaka 2008 Arun Bhunia na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walieleza kipimo kilichojengwa kwa chembe hai, ambazo wataalamu huziita seli. Chembe hizo, zenye asili ya panya, hutunzwa ndani ya ute wa kolajeni, na majimaji ya chakula kinachoshukiwa hutiwa juu yake. Ikiwa mna kijidudu kiitwacho Listeria monocytogenes, sumu yake huitoboa ngozi ya chembe. Chembe iliyotobolewa huvuja kimeng'enya, na kimeng'enya hicho huigeuza rangi ya dawa iliyowekwa. Rangi hiyo ndiyo kilio chake. Jawabu hupatikana kwa saa chache, hali njia ya kale ya kuotesha vijidudu hutaka siku kadhaa.

Walakini wepesi si fadhila yake kubwa. Kipimo kinachosoma nasaba huuliza: wewe ni nani? Chaweza kukishtaki hata kijidudu kilichokwisha kufa jikoni, kwa kuwa nasaba yake ingalipo. Chembe hai huuliza: wafanya nini? Listeria innocua ni jamaa wa karibu wa yule mwovu, lakini hana silaha ile. Hupita bila kulaumiwa. Ni uadilifu ambao mahakama nyingi za wanadamu hazijaufikia, kwani humo jina la ukoo bado hutangulia tendo. Hata hivyo, anayehukumu kwa tendo peke yake hawezi kumtaja mkosaji. Sumu ya kijidudu kingine yaweza kuiliza chembe ile ile, na chembe haitasema nyama ilitoka kiwanda gani. Kwa neno hilo nasaba haina budi kusomwa.

Afrika Kusini ilijifunza hayo kwa gharama kubwa. Mwaka 2017 na 2018 watu zaidi ya 1,000 waliugua Listeria, na zaidi ya 200 walikufa. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga wasiozidi siku 28. Ugonjwa huu huweza kujificha majuma mengi baada ya mlo. Mama gani angekumbuka alichokula? Kijidudu chenyewe humea hata katika baridi ya friji. Machi 2018 serikali ilitangaza chanzo: poloni, nyama ya kusagwa iliwayo bila kupikwa, kitoweo cha bei nafuu.

Basi nani alikuwa mwonjaji katika nchi ile? Kiwanda kisipoonja, kuonja hakukomi. Huhamia mezani, na huko humwangukia aliye dhaifu kuliko wote. Mwonjaji wa mfalme alijua kazi yake. Mtoto yule hakula hata tonge.

Yamkini mtu atauliza kama ni halali kuzalisha kitu hai ili kidhurike. Swali ni la heshima, lakini chembe iliyomo chupani haina fahamu wala hofu, na kuilinganisha na mtoto ni kuchezea maneno. Uzito uko kwingine. Chembe hutaka joto la mwili, hutaka kulishwa, nazo hufa zikisahauliwa. Kiwanda kinachozitunza lazima kiwe na mtu wa kuzitazama hata siku ya sikukuu. Na rangi ikigeuka usiku wa manane, aliye zamu aghalabu ni kibarua wa mshahara mdogo, aliyesimama mbele ya mashine isiyosimamishwa ila kwa idhini ya bwana aliyelala.