RAMADHANI, SIKU YA 14: Bibi, baiskeli na mtoto wa mke mwenza



Ndugu zangu, mama zangu, tumeshaingia kumi la pili, alhamdulillah. Leo naomba tuzungumze kuhusu bibi zetu.

Ukienda kwenye msiba wa mzee utasikia, "Bibi kala chumvi nyingi, tushukuru." Ni kweli, umri ni neema. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa ni nani mbora katika watu, hakuishia kwenye urefu wa umri. Alimtaja aliyeishi sana na amali zake zikawa njema, kisha akamtaja na wa upande wa pili, aliyeishi sana na amali zake zikawa mbaya. Hadithi hii ipo kwa Tirmidhi. Basi miaka 90 ni gunia tu, tuangalie kilichotiwa ndani.

Nachukua mfano kwa jirani zetu Kenya. Mama Sarah Onyango Obama wa kijiji cha Kogelo, kule Siaya, alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021 akiwa na miaka 99. Zilikuwa zimebaki kama wiki mbili tu Ramadhani iingie. Kesho yake akazikwa Kogelo kwa taratibu za Kiislamu. Najua wengi mlimsikia kwa sababu ya mjukuu wake aliyekuwa rais wa Marekani. Hilo tuliweke pembeni, siasa si kazi yangu hapa. Lakini wangapi mnajua kwamba yule rais hakuwa mjukuu wake wa damu?

Mama Sarah alikuwa mke wa tatu wa mzee Hussein Onyango. Baba yake Barack alizaliwa na mke mwingine. Yule mama alipoondoka, mtoto akabaki mikononi mwa Sarah. Na nyie mnayajua maneno ya mitaani kuhusu mama wa kambo, sina haja ya kuyarudia na swaumu hii. Sasa sikilizeni alichokifanya. Alisimulia mwenyewe kwamba alikuwa akimpakia mtoto huyo nyuma ya baiskeli, kutoka Kogelo mpaka shuleni Ngiya, kama kilomita 9, kila siku. Mwanamke wa kijijini, enzi za mkoloni, anakanyaga baiskeli, na aliyempakia hakumzaa yeye!

Na yeye hakusoma. Alieleza kwamba hata alipokuwa mtu mzima barua zilimfikia asiweze kuzisoma. Mimi ni mwalimu, nimekaa vikao vingi vya wazazi, na nimemsikia mzazi akisema "mbona mimi sikusoma na maisha yanaenda?" mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mama Sarah angeweza kusema hivyo hivyo. Badala yake alihakikisha watoto wote wa familia yake wanakwenda shule, na wasichana akawatilia mkazo zaidi.

Hakuishia kwa wa nyumbani. Kwa miaka mingi alisaidia yatima, wengine akawalea ndani ya nyumba yake. Mfuko wenye jina lake ukawapatia watoto waliofiwa chakula, sare, vifaa vya shule, ada na matibabu madogo madogo. Mwaka 2014, akiwa ameshapita miaka 90, alitunukiwa tuzo kule New York kwa kazi yake ya elimu. Tuzo ni jambo zuri. Lakini mwenye kumlea yatima ameahidiwa kubwa zaidi: Mtume (s.a.w.) alionyesha vidole vyake viwili, cha shahada na cha kati, akaeleza kuwa ndivyo watakavyokuwa karibu Peponi, yeye na mlezi wa yatima. Ipo katika Bukhari.

Sasa tuje kwetu. Panda Mbaga, panda Chome, nenda Gonja, nenda Mamba. Utamkuta bibi ana wajukuu watatu, wanne. Baba yao yuko Dar anatafuta, mama yuko Arusha, mwingine katangulia mbele ya haki. Bibi ndiye anayechota maji, anayepika makande, anayewaamsha alfajiri waende madrasa. Ukiitishwa msaragambo wa kuzibua mfereji, naye yumo na jembe lake, magoti yanauma na hasemi. Hakuna anayemhesabu kuwa ni mtu wa kujitolea. Anaitwa bibi, basi.

Mkumbukeni yule mama aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipofariki, masahaba walimzika bila kumwarifu Mtume (s.a.w.), kama vile waliona jambo lake ni dogo. Mtume akaona hayupo, akamuulizia. Alipoambiwa, hakupendezwa, akaomba aonyeshwe kaburi lake, akaenda kumswalia. Alikuwa na umma mzima wa kuushughulikia, na akagundua kwamba mfagizi haonekani. Wewe bibi yako ulimuulizia lini mara ya mwisho?

Kila Ramadhani naulizwa, "Ustadhi, zaka yangu nimpelekee bibi?" Ikiwa bibi hana kitu na wewe unacho, chakula chake kipo shingoni mwako. Hiyo ni nafaka, ni wajibu, na katika madhehebu yetu ya Shafii zaka ya fukara haitolewi kwa mtu ambaye kumlisha ni wajibu wako. Zaka mpe yatima wa jirani yake. Bibi mtolee mfukoni mwako, na fitri yake umlipie.

Jambo jingine, na hili linanitia hofu kweli. Kuna bibi wanafunga hawawezi, wanaacha dawa za presha mchana kutwa kwa kuogopa dhambi. Mwambieni kwa upole, na kwa heshima yake, kwamba mzee aliyeshindwa kufunga sheria imempa ruhusa: kila siku moja ni kibaba cha chakula kwa maskini. Kama hana uwezo, mjukuu mtolee.

Mpigie leo kabla ya magharibi. Mtandao huko juu unasumbua, ukikosa jaribu tena baada ya futari.

Na mwenye kumjua bibi anayelea yatima, wa mjini hapa au milimani, anione baada ya tarawehe anitajie mahali anapokaa. Tutapeleka unga, maharage, sukari na madaftari ya watoto Jumamosi, inshaallah. Mwenye gari asikae kimya, tunamhitaji.

Allah amrehemu Mama Sarah na bibi zetu waliotangulia, na awape afya walio hai. Amin.