Kutoka Wodini Hadi Kwenye Utafiti
Hospitali ya akili ya Al Masarra, Al Amerat, nchini Oman, ilifunguliwa mwaka 2013. Katika hospitali kama hii daktari hupita akaenda. Muuguzi ndiye anayekesha na mgonjwa. Ndiye anayemwogesha kijana na kuliona kovu la chuma cha moto kichwani. Ndiye anayesimuliwa na mama mtu, pengine kwa Kiswahili cha Unguja, kwamba mwanawe alisomewa kwanza, akafukizwa, akachomwa, hospitali ikawa mwisho.

Akiyasikia kwa mmoja, ni msiba wa nyumba moja. Akiyasikia kila wiki, ni suala la afya ya jamii: kwa nini watu huchelewa kufika? Profesa Samir Al-Adawi wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos na wenzake waliandika kuhusu zar, yaani imani ya kupagawa na pepo na uganga wake, mwaka 2001, nao waliichukulia kwa uzito, bila kuwadharau wanaoiamini. Heshima hiyo muuguzi anayo tayari. Ili alijibu swali lake kwa utafiti, kakosa mbinu za takwimu tu, na hizo husomwa darasani.

Muuguzi mwenzetu, omba nafasi ya kusoma mwaka huu. Nanyi wakuu wa hospitali, mpeni ruhusa.