Fundisho la Kuku Uani

Masomo: Yohana 6:1-13; 1 Wakorintho 12:14-26



Bwana wetu hakuona haya kujifananisha na kuku. Alipousikitikia mji wa Yerusalemu alijilinganisha na mama kuku awaitaye vifaranga wake (Mathayo 23:37). Basi na sisi tusione haya kujifunza kwa ndege huyu, hata katika jambo ambalo si desturi kulitaja kanisani.

Sote tufugao kuku tunakijua kinyesi chake: sehemu moja ni nyeusi, na nyingine nyeupe kama chokaa. Ule weupe ndio mkojo wake. Kuku hana kibofu. Sisi wanadamu hutoa taka za damu zikiwa zimeyeyuka katika maji mengi. Kuku huzitoa zikiwa asidi ya yuriki, isiyoyeyuka kwa urahisi, nayo huwa kama uji mzito. Hivyo maji kidogo yatosha kuitoa.

Lakini figo zake hazina nguvu nyingi za kubana maji. Figo zetu zaweza kuufanya mkojo uwe mzito mara nne kuliko damu. Za kuku hazifiki hata mara tatu. Kama kazi ingeishia hapo, wakati wa kiangazi angepoteza maji na chumvi nyingi. Haiishii hapo. Mkojo ukitoka katika figo huingia katika chumba cha mwisho cha tumbo, kilicho njia moja na kinyesi. Kutoka humo hurudishwa nyuma mpaka katika utumbo mpana. Huko kuta za utumbo huivuta tena chumvi, na maji huifuata chumvi, vyote vikarudi katika damu. Tena chumvi ikiwa haba katika chakula chake, utumbo huzidisha bidii ya kuivuta.

Tazameni hekima ya Muumba! Figo zimekwisha kuachilia, wala utumbo hausemi, "Hayo yamekwisha kutupwa na wenzangu." Huyapokea, huyapekua, na kilicho cha uhai hukirudisha. Wala haurudishi kila kitu. Ile taka nyeupe hutoka, na lazima itoke, maana ikibaki mwilini huleta mauti.

Sasa tujiulize. Katika mitaa yetu wako walioachiliwa: binti aliyepata mimba akaondolewa katika kwaya, kijana aliyeshindwa na pombe, mzee aliyegombana na wenzake juu ya hesabu za mavuno, asionekane tena Mezani pa Bwana. Kosa ni kosa, na Kanisa haliwezi kuliita jema. Lakini je, mtu atupwe pamoja na kosa lake, kama maji yamwagwapo pamoja na taka? Ni nani anayekwenda kumtazama mara ya pili?

Tusimwachie Kasisi peke yake. Hata figo hazitoshi peke yake. Mtume Paulo anatufundisha kwamba viungo tunavyovidharau ndivyo vinavyohitajiwa sana, na ni kiungo gani kinachodharauliwa kuliko utumbo? Huenda mama mmoja asiyejua kusimama mbele ya watu ndiye atakayebisha hodi na kufunguliwa mlango.

Bwana alipowashibisha watu elfu tano hakuyaacha makombo majanini. Aliwaagiza wanafunzi wayaokote, wakajaza vikapu kumi na viwili. Basi juma hili kila nyumba imtaje mtu mmoja kwa jina katika sala, kisha mtu aende kwake. Tusiende kulipekua kosa lake upya. Twende kumrudisha ndugu.

Tuombe: Ee Mungu Mwenyezi, usiyedharau ulichokiumba, ututenge na dhambi zetu, wala usitutenge nawe, utupe na sisi moyo wa kuwatafuta waliopotea, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.