Vazi la Kuazima

Wahenga wametuachia kauli kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Kauli hiyo niliitamka mimi mwenyewe, miaka minne iliyopita, katika ukumbi wa nyumba yetu Unguja, mbele ya jamaa waliokusanyika kumsema binti wa ndugu yangu. Kosa lake lilikuwa gauni. Lilikuwa refu la kutosha, wala halikubana, lakini lilikuwa na kola pana ya kibaharia na utepe mkubwa kifuani, mithili ya wasichana wa katuni za Kijapani ziitwazo anime. Na hakulivaa kwa tafrija, bali alilivaa kwenda sokoni, kazini na kuzuru wagonjwa. Nilidhani nimesema neno la hekima. Binti aliinuka, akatuaga mmoja mmoja kwa adabu, na tangu siku ile hajavuka kizingiti chetu.

Pengine ningeliendelea kudhani hivyo hivyo lau nisingelifika Lukozi.

Lukozi iko juu katika milima ya Usambara, wilayani Lushoto, kwenye njia ipitayo Magamba kuelekea Mtae. Ni nchi ya ukungu na baridi, ya viazi, karoti na kabichi zinazopakiwa malorini na kuteremshwa hadi Tanga na Dar es Salaam. Sisi watu wa pwani tukifika huko hutetemeka na kuazima masweta, jambo ambalo lingetosha kuninyamazisha kuhusu mavazi ya kuazima. Siku ya gulio nilipita baina ya mafungu ya mboga na maturubai ya mitumba, nikamwona msichana nyuma ya gunia la karoti. Miguuni viatu vya mpira vilivyojaa tope. Mabegani kanga. Na chini ya kanga, sikuamini macho yangu, kola ile ile ya kibaharia yenye mistari miwili myeupe, na utepe ule ule.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Gauni hili la nani?”

“Langu.”

Nikamweleza kwamba nalijua, ni la yule msichana wa katuni. Akacheka, akasema naye anamjua, amemwona katika simu ya kaka yake. “Lakini yule hauzi karoti, baba,” akasema, akaendelea kupanga mafungu yake. Nilipozidi kudadisi, akanieleza kwamba gauni lenyewe lilikuwa mtumba usio na kola; kola alimshonesha fundi cherehani wa pale pale gulioni, utepe aliukata kwenye pindo la kanga kuukuu ya bibi yake, na mifuko miwili aliiongeza mwenyewe kwa ajili ya chenji.

Nimelichukua jibu lile nikarudi nalo Unguja, na nimekaa nikilipima mbele ya kauli yangu ya ukumbini. Maana swali si dogo. Mtu avaapo kila siku vazi la mhusika wa hadithi, je, anatudanganya? Na kama hatudanganyi, sisi tunachukizwa na nini?

Wajapani wana mchezo wa kuvaa kama mhusika wa hadithi, na jina lake, kosiplei, waliliunga kwa vipande vya Kiingereza katika miaka ya 1980. Nairobi kuna tamasha la NAICCON ambako vijana huvaa hivyo mchana kutwa, kisha jioni wakavua. Hilo halimsumbui mtu, kwa kuwa mchezo una mahali pake na saa yake. Nasi tuliwahi kuucheza kabla yao. Mwanzoni mwa karne ya 20, kutoka Lamu na Mombasa hadi Tanga na Dar es Salaam, babu zetu walicheza beni. Walivaa sare mithili za wanajeshi wa Kizungu, wakajipa vyeo vya majenerali na wafalme, wakaandamana kwa ngoma na tarumbeta. Moja ya vyama vikubwa vya beni likiitwa Marini, kwa jina la mabaharia wa kivita. Watawala wa kikoloni waliwatazama kwa shaka, wakiogopa kwamba aliyejivika ujenerali leo huenda kesho akautaka. Huenda waliona mbali.

Basi kola ya kibaharia si ngeni kwetu, wala si ya Wajapani kwa asili. Ilikuwa sare ya wanamaji wa Uingereza. Mwaka 1846 mtoto wa Malkia Victoria alichorwa akiwa amevishwa sare hiyo, na watoto wa matajiri wa Ulaya wakaiga. Kiasi cha mwaka 1920 na 1921 shule za wasichana za Japani zikaifanya sare yao. Kutoka shuleni ikaingia katika michoro ya Naoko Takeuchi, na tangu 1992 katika katuni ya Sailor Moon, na kutoka katunini ikafika kwenye simu ya kaka wa muuza karoti. Katika msafara huu wote nani ndiye mwenye nguo, na nani ndiye mwazimaji?

Ukifungua sanduku la marehemu mama yako, msomaji mpenzi, swali hilo litakukuta humo humo. Kanga tunayoiita vazi letu la asili iliitwa leso kwanza, kwa neno la Kireno, kwa sababu ilianza kama vitambaa vya mkono vilivyoungwa pamoja. Baadaye ilichapwa Uholanzi na Uingereza, na kuanzia miaka ya 1930 kwa wingi Japani, na wachapaji ambao aghalabu hawakupata kuiona pwani yetu wala kuelewa neno moja la majina yake. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa 1968 tu. Bibi zetu wamezaa, wamezika na wameteta kwa nguo iliyotiwa rangi Japani, na hakuna aliyewaambia haiwasitiri.

Tena haikuwa nguo tu. Kabla ya utumwa kupigwa marufuku Unguja mwaka 1897, mtumwa wa kike alijulikana kwa merikani na kaniki yake. Walipokuwa huru, wanawake wale walijitwalia kanga za rangi, na baadaye buibui, ambalo lilikuwa vazi la mabibi wenye nasaba. Wapo waliowacheka, wakasema wamejivika yasiyo yao. Lakini hawakuwa wakijifanya waungwana. Walikuwa wanakuwa waungwana, na nguo ilikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Hapa ndipo ninapotenganisha mambo mawili niliyoyachanganya ukumbini. Kuna kujifanya, na kuna kujivika. Asiye tabibu akivaa koti la tabibu akampa mgonjwa dawa, amejifanya. Ameiba imani ya watu. Lakini msichana wa katuni hana cheo cha kuibiwa, wala hakuna anayemdai au kumwamini kwa ajili ya kola. Anayevaa vazi lake hakuahidi lolote zaidi ya alichoahidi kwa sauti yake mwenyewe: karoti, bei na chenji. Kuhusu stara, nayo ina kipimo chake, na kipimo hicho ni kimoja kwa gauni la Japani na kwa dira letu. Kisifichwe nyuma yake kipimo kingine.

Wapenzi wa mashairi hatuna udhuru wa kutolielewa hili. Tumemsoma Andanenga akijiita Sauti ya Kiza, wala hatukumwambia awashe taa. Tumemsoma Akilimali aliyejiita Snow-White, weupe wa theluji, katika nchi isiyojua theluji ila kileleni, na tukampokea kuwa malenga. Tuliona wazi kwamba jina la kujivika halikuwa uongo, kwani alitunga ndani yake kila siku hadi likawa lake. Kwa nini tumkatalie binti kwa kitambaa tulichomruhusu mshairi kwa jina?

Nadhani ni kwa sababu tunaogopa kuchaguliwa bila kuulizwa. Umoja wa Vijana wa TANU ulipoendesha Operesheni Vijana, kuanzia Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, ulisema unalinda utamaduni. Na kati ya waliotoa hukumu hiyo walikuwamo wenye suti ambazo hazikubuniwa Uzaramo wala Usambara. Nguo za kigeni za wakubwa hazikuonekana kuwa za kigeni. Zilionekana za vijana, na hasa za wasichana.

Kuna hoja moja ambayo bado inanisumbua, na sitaizika. Mchapaji wa Japani aliyechapa kanga alimsikiliza mfanyabiashara wa Mombasa na Unguja, naye mfanyabiashara aliwasikiliza wanawake. Kanga isiyowapendeza ilibaki dukani. Katuni haimsikilizi mtu wa Lukozi, na mtumba ni masalio ya uchaguzi wa wengine. Binti anayejitazama katika macho yale makubwa na ngozi ile nyeupe anaweza kujiona amepungukiwa. Hofu hiyo ni ya kweli, nami ninayo. Lakini yule niliyemkuta hakuchukua sura ya mtu, alichukua kola. Akaiweka juu ya mtumba kwa mkono wa fundi wake, akaufunga kwa pindo la kanga ya bibi yake, akatia mifuko ambayo mchoraji wa Tokyo hakuifikiria kwa sababu mhusika wake hahitaji chenji.

Siku ile kabla ya kushuka Lushoto nilimtafuta fundi mwenyewe. Nilimkuta chini ya mwavuli, cherehani yake imewekewa mawe miguuni isicheze topeni. Nikamwambia nataka gauni la namna ile kwa binti yangu wa Unguja, kitambaa chepesi, kola ile ile. Akavuta utepe wa kupimia shingoni mwake, akauliza mabega, kifua, urefu. Sikuwa na jibu. Msichana huondoka kwenu na umbo moja akawa na jingine, na mimi nilikuwa na umbo la miaka minne iliyopita tu. Nikanyoosha mkono hewani, nikamwonyesha fundi, nikikisia, mahali ambapo bega lake lilikuwa likifika alipokuwa akisimama mlangoni kutuaga.