Je, Ni Dhambi Kumnyima Jirani Mkopo?

Tumeombwa tuseme neno na ndugu wanaoanza biashara ndogo ndogo hapa kambini. Wengi hutuuliza habari za mtaji: utatoka wapi, utatosha nini. Sisi tumeona kwamba swali gumu zaidi huja baadaye. Huja mlangoni pa duka saa kumi na mbili jioni, jirani anaposema, "Mama, nipimie tu, nitalipa pesa za mgao zikitoka." Tumjibu nini? Na tukikataa, je, tumetenda dhambi?

Tuanze na yaliyotupata sisi wenyewe. Tulivuka mpaka Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007. Siku za kwanza tulilala Mella, upande wa Tororo, katika boma la familia ya Kiteso ambayo hatukuijua. Walitupa ugali wa muhogo na mtama, wakatupa na mkeka. Hawakuandika popote kile tulichokula.

Basi familia tatu tulipochanga shilingi 180,000 za Uganda tukafungua kibanda huko huko Mella, tulijiambia kwamba tuliyoyapata bure tuyatoe bure, kama Bwana alivyowaagiza wanafunzi wake. Tuliuza sukari, sabuni, chumvi na mafuta ya kupima. Aliyeomba mkopo alipewa. Baada ya miezi mitatu daftari lilikuwa na madeni ya shilingi 140,000, na rafu zilikuwa tupu. Kibanda kikafungwa.

Lakini hasara ya fedha haikutuuma kama ile nyingine. Wenye madeni walianza kupita njia ya nyuma ili wasituone. Mama mmoja aliyekuwa akiomba pamoja nasi kila Alhamisi aliacha kuja kabisa. Hatukuwahi kumdai kwa ukali, aibu ilimtosha. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Sisi tuligundua kwamba anayekopesha naye hukaa matanga, maana tulikosa sukari na tukakosa dada.

Baadaye tulipitia kituo cha Mulanda, kisha tukaletwa Kiryandongo. Tulipofungua duka la pili tulikuwa tumekuwa wagumu. Tukabandika karatasi ukutani: "Leo taslimu, kesho mkopo." Duka likasimama. Rafu zikajaa. Jioni moja akaja jirani kuomba nusu kilo ya unga, watoto wake hawajala. Hatukumjibu kwa kinywa. Tulinyoosha kidole tu kwenye ile karatasi. Akaisoma, akaondoka bila neno. Usiku ule tulipika ugali wa unga ule ule, na wapendwa, haukupita kooni. Tuliikumbuka ile familia ya Mella.

Kwa hiyo tulikosea mara mbili, mara ya kwanza kwa kukubali kila ombi na mara ya pili kwa kukataa kila ombi. Tulikaa tukaomba, tukasoma, tukajiuliza kosa liko wapi hasa.

Tulisoma habari za mjane wa 2 Wafalme 4:1–7. Aliyewadai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Angalieni alichofanya Elisha. Hakuanza kwa kumchangia fedha. Alimwuliza ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta, basi. Majirani nao hawakuombwa mafuta, waliombwa vyombo vitupu. Na mafuta yalipopatikana kwa wingi, nabii alimwambia ayauze, alipe deni kwanza, kisha yeye na wanawe waishi kwa kilichobaki. Mjane yule hakuambiwa agawe mafuta mtaani kabla hajalipa deni. Mungu hakuuona utaratibu ule kuwa ni uchoyo.

Tena tulisoma Mambo ya Walawi 19:9–10. Mwenye shamba anaagizwa asivune mpaka pembeni kabisa, awaachie maskini na wageni. Sisi ndio wageni hao! Lakini mkulima hakuagizwa kugawa mbegu ya msimu ujao. Maskini ana haki katika pembe za shamba, na pembe hizo hutengwa kabla ya mavuno. Hazingoji mwenye shamba aamke na moyo mzuri siku hiyo.

Hapo ndipo macho yetu yalipofunguka. Ile familia ya Mella ilitupa, haikutukopesha. Sisi katika kibanda cha kwanza tulikopesha na tukajisifu kwamba tunatoa. Sadaka huisha inapotoka mkononi, na wote wawili wanabaki huru. Mkopo hubaki katikati ya watu wawili mpaka ulipwe. Ukimkopesha mtu ambaye unajua hawezi kulipa, hukumsaidia. Umemfungia mlango wa kurudi kwako.

Na jambo hili wengi wenu mnalitenda tayari kila wiki bila kulipa jina. Katika vikundi vya kuweka akiba na kukopa, lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu lina mifuko miwili ndani. Mmoja ni wa akiba na mikopo, na mkopo wake hurudi na riba. Mwingine ni mfuko wa jamii, wa msiba na ugonjwa. Mifuko hiyo haichanganywi, na kila mmoja huhesabiwa mbele ya wote. Ingechanganywa, msiba mmoja mkubwa ungekula mtaji wa watu wote, na msiba wa pili usingepata hata senti.

Duka letu la tatu tuliliendesha hivyo hivyo. Mtaji haukuguswa. Tulijilipa mshahara mdogo, tukala kwa mshahara huo, wala hatukuchota rafuni kwa ajili ya chakula cha nyumbani. Faida iliyobaki tuliigawa kila Jumamosi, na fungu moja tuliliweka katika kopo tuliloliita pembe ya shamba. Jirani mwenye njaa alipewa kutoka humo, na tulimwambia wazi, "Hii si deni, mama." Hakuandikwa daftarini. Kesho yake alitusalimu njiani kama kawaida.

Kwa ndugu anayeanza leo tunaongeza mambo mawili. Kwanza, anza na haja unayoiona, usianze kwa kuiga duka la jirani. Kule Busia, miaka ya 1960, wenye baiskeli waliona kwamba wasafiri wana mizigo na kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda pana mwendo. Wakaweka kiti nyuma, wakawavusha watu toka mpaka hadi mpaka, na hapo ndipo jina la bodaboda lilipozaliwa. Leo jina hilo linajulikana Afrika Mashariki yote. Pili, andika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna atakayeuliza: kopo likiwa tupu na mtoto analia mlangoni, je? Hatuna jibu jepesi. Tangu 2023, mgao ulipogawanywa kwa makundi na kaya nyingine zikaachwa bila kitu, kopo letu limekuwa tupu mara nyingi, na ndugu waliokimbia vita vya Sudan wamekuja nao wakiwa mikono mitupu kama sisi wa 2008. Tunachofanya ni hiki: tunatoka nyuma ya meza, tunamwambia ukweli kwamba leo hatuna, kisha tunaongozana naye hadi nyumba nyingine kuomba pamoja. Kuna siku nyumba ya tatu ndiyo iliyotoa. Hatunyooshi tena kidole kwenye karatasi.

Basi, je, ni dhambi kumnyima jirani mkopo? Tunaamini si dhambi kulinda mbegu. Dhambi ni kuvuna shamba lote hadi pembeni, kisha kusema biashara ndivyo ilivyo. Duka linalokufa kwa huruma ya miezi mitatu halitamlisha mtu mwezi wa nne, na duka lisilo na pembe limesahau nani aliyetupa mkeka.

Bwana azibariki kazi za mikono yenu, azijaze chupa zenu, na awape majirani wenye vyombo. Amina.