Deni la Marehemu

Sote tumepata kusimama kando ya kaburi na kuyasikia maneno yale tunayoyajua. Sala zimekwisha, udongo umekwisha kurudishwa, mashada yamewekwa, ndipo mzee wa familia husimama akatangaza: aliyekuwa akimdai marehemu asiende zake na manung'uniko, aje nyumbani aonane na wenye mirathi, naye aliyekuwa akidaiwa na marehemu asijifiche. Hatujapata kumsikia mtoto wa marehemu akijibu, "Mimi sikukopa, aliyekopa ni baba." Angesema hivyo watu wangemshangaa, hasa kama wamemwona tangu asubuhi akipima kwa macho mipaka ya shamba.

Tumeikumbuka desturi hiyo kwa sababu ya maneno yaliyozuka kati yetu baada ya ibada, Jumapili moja. Mwezi Januari 2023 wasimamizi wa mali za Kanisa la Uingereza walitangaza kwamba watatenga pauni milioni 100, kwa sababu uchunguzi wao wenyewe ulionyesha kwamba sehemu ya akiba ya Kanisa ilitokana na mfuko wa zamani uliowekeza fedha katika kampuni iliyosafirisha watumwa. Mmoja wetu alisema huo ni upuuzi, maana waliotenda wamekufa na waliotendwa wamekufa. Mwingine alisema fedha hizo ni chache mno, ni kama kumpa mtu nauli baada ya kumchukulia nyumba. Tuliachana bila kupatana. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumelifikiri jambo hilo tangu siku ile, na tumeona afadhali kuacha mabilioni na mamilioni, tukatazama shamba moja tu ambalo habari zake zajulikana vema, nalo linatuhusu kuliko tulivyodhani.

Shamba hilo liko Barbados, kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi, ambacho ukubwa wake ni kama robo ya Unguja. Waingereza walipokwenda kukaa huko mwaka 1627 wenyeji wa asili walikuwa wamekwisha kutoweka. Kwanza walilima tumbaku na pamba, wakapata kidogo. Kisha, katika miaka ya 1640, wakaanza miwa. Kazi ya miwa Wareno walikuwa wameijaribu kwanza katika visiwa vya Madeira na São Tomé, kisha Brazil, na tangu São Tomé walikuwa wamejua jinsi ya kuifanya ilete faida kubwa: ardhi ya kutwaa, na watu wa kununua kutoka Afrika.

Yafaa tueleze kidogo kwa nini miwa iliua watu, kwa maana sisi tunaotia vijiko vitatu katika kikombe kimoja cha chai hatulifikiri jambo hilo. Muwa ukikatwa haungoji. Usipokamuliwa upesi maji yake huchacha, sukari haipatikani. Kwa hiyo wakati wa mavuno kinu kilisaga usiku na mchana, na masufuria yalichemka bila kuzimwa, na watu wale wale waliokata shambani walitiwa zamu za usiku. Mtu akisinzia huku akitia miwa kati ya magogo ya kinu, vidole hunaswa, na mkono hufuata. Ndiyo sababu shoka liliwekwa karibu na kinu, ili mkono ukatwe kabla mwili wote haujavutwa. Na sheria ya kisiwa ya mwaka 1661 ilisema kwamba mtumwa akifa katika kuadhibiwa na bwana wake, bwana huyo hana hatia.

Katika kisiwa hicho alizaliwa Christopher Codrington. Alikuwa mtu msomi na askari, akawa Gavana wa visiwa vya Leeward. Alipokufa mwaka 1710 ilionekana kwamba katika wasia wake aliviacha viunga vyake viwili vya miwa kwa chama cha Kanisa letu cha kueneza Injili, kile kilichojulikana kwa herufi SPG, ambacho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1701. Aliagiza kijengwe chuo, na watu wa chuo wajifunze theolojia pamoja na utabibu, waishi katika nadhiri za umaskini, usafi na utii. Aliagiza pia kwamba viunga visigawanywe, na kwamba daima pawe na watumwa wasiopungua 300.

Basi Kanisa likapokea. Maaskofu walioketi London wakawa mabwana wa watu ambao hawakuwaona kamwe. Shamba liliendeshwa na meneja na wanyapara kama mashamba yote ya jirani, na katika miaka ya kwanza watumwa walitiwa chapa ya moto kifuani. Chapa yenyewe ilikuwa neno la Kiingereza lenye maana ya "Chama". Neno hilo hilo ndilo lililoandikwa juu ya vitabu vya sala.

Msomaji asidhani kwamba watu wale walikuwa wanafiki wasiojali. Ingekuwa hivyo, jambo hili lingekuwa rahisi, nasi tungewalaani tukaendelea na shughuli zetu. Mwaka 1711 Askofu William Fleetwood aliwahubiria wanachama kwamba watumwa ni watu wenye roho kama mabwana, tena wafundishwe na kubatizwa. Makatekista wakapelekwa. Lakini katekista angefundisha saa ngapi, na watu wako kinuni? Mwaka 1760 Askofu Mkuu wa Canterbury, Thomas Secker, aliandika katika barua kwamba kwa muda mrefu amestaajabu na kusikitika kuona watumwa wa mashamba ya Chama wanapungua, ikabidi wengine wanunuliwe tena na tena. Akaona hapana budi pana upungufu wa utu, na hata wa busara ya kawaida. Aliona sawasawa kabisa. Kisha akamaliza kwa kusema kwamba kwa sasa imewapasa kuyachukua mambo kama yalivyo.

Hapo tumesoma tukasimama. Ukatili wa mnyapara twaweza kuusimulia kama habari ya watu wengine. Maneno ya askofu huyu tumeyasema sisi. Miaka mingi iliyopita, katika parokia moja ambako tulikuwa wajumbe wa halmashauri, mtu mmoja alijitolea kutoa bati la kanisa zima. Kila mjumbe alijua kwamba mtu huyo alikuwa amemnyang'anya mjane shamba, na kwamba mjane ni mshiriki wetu. Mjumbe mmoja alitaka kulitaja. Mwenyekiti akasema mvua zinakaribia. Basi tulipokea, tukashukuru, na siku ya kuweka wakfu tulipiga makofi, na mjane naye alikuwapo. Hatukumtuma mtu yule kunyang'anya. Tuliyachukua mambo kama yalivyo.

Tuendelee na Barbados. Mwaka 1783 Askofu Beilby Porteus aliwahubiria wanachama wa SPG, akawaambia wazi kwamba hali ya watumwa wao ni aibu, akawatengenezea mpango wa kulifanya shamba lile kuwa mfano kwa wengine. Kamati iliujadili mpango, ikaukataa. Watumwa wakabaki watumwa miaka hamsini tena, mpaka Bunge la Uingereza lilipofuta utumwa katika makoloni yake kuanzia tarehe 1 Agosti 1834. Serikali ikatoa fidia ya pauni milioni 20. Fidia hiyo walilipwa mabwana, kwa kupotewa na mali yao. Chama cha kueneza Injili kilipokea pauni 8,823 kwa ajili ya watumwa 411, yaani kama pauni 21 kwa kila mtu. Watu wale 411 hawakulipwa senti. Wengi wao walilazimishwa kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wale wale kwa miaka minne mingine, ati wajifunze kuwa huru.

Sasa, hayo yatuhusu nini sisi wa pwani ya Afrika Mashariki? Wazee wetu walipata Injili kwa UMCA, si kwa SPG. UMCA ilianzishwa baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857, nayo ilikuja kupigana na biashara ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa letu la Mkunazini mahali pale pale. Askofu Steere, aliyelijenga, amezikwa humo. Tunajivunia habari hiyo, tena kwa haki. Lakini mwaka 1965 UMCA na SPG ziliunganishwa kuwa chama kimoja, USPG, nacho ndicho kilichoendelea kuwa mshiriki wetu. Hatusemi kwamba pauni za Codrington zilijenga zahanati zetu. Mapato ya shamba yalikuwa kwa ajili ya chuo cha kule kule. Twasema tu kwamba nyumba mbili zimeoana. Yaliyomo sandukuni mwa mume ni habari ya mke pia, hata kama hakuyaweka yeye.

Yule ndugu aliyesema huu ni upuuzi alitukumbusha Ezekieli sura ya 18, ambamo nabii anakataza kusema kwamba meno ya watoto yametiwa ganzi kwa zabibu mbichi walizokula baba zao. Tunaikubali sura hiyo. Hatia hairithiwi, asiyetenda si mtenda, na Mungu hatamhesabia kijana wa leo chapa iliyotiwa kifuani mwa mtu mwaka 1720. Lakini tuisome mpaka mwisho. Mwana anayeachwa huru mle ni yule aliyeyaona maovu ya baba yake akayaacha, wala hakumnyang'anya mtu, wala hakutwaa rehani ya mtu. Ezekieli hakuzungumza juu ya mwana mwema aliyerithi nyumba na kuikuta rehani ya jirani imo ndani. Mwana huyo hana hatia ya kuitwaa. Akiizuia, hatia inaanza siku hiyo, nayo ni yake mwenyewe.

Hii ndiyo tofauti ambayo tuliikosa siku ile mlangoni pa kanisa. Hatia ni ya mtu; deni hufuata mali. Na Kanisa lina neno la zaidi, ambalo kampuni na serikali haziwezi kulisema. Sisi twakiri kila Jumapili kwamba twaamini Ushirika wa Watakatifu, kwamba waliolala na tulio hai ni mwili mmoja. Hatuwezi kuukiri ushirika huo tunapomtaja Steere, tukaukana anapotajwa Secker. Watu wa Nehemia walisimama wakaungama dhambi zao na maovu ya baba zao pamoja, wala hawakuona haja ya kupambanua. Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilifanya vivyo hivyo mwezi Februari 2006, iliomba radhi. Ilichukua miaka 17 tena kufika kwenye fedha.

Wapo watakaosema: basi na wale wa kwetu waliouza? Misafara ilitoka bara ikiongozwa na watu wa pwani, na machifu walitoa watu kwa nguo na bunduki. Ni kweli, na yapasa kusemwa katika magazeti ya kanisa mara nyingi kuliko inavyosemwa. Wengi wetu tuna damu ya aliyefungwa na ya aliyefunga pia. Lakini mdaiwa mmoja hasamehewi kwa sababu wadaiwa ni wawili.

Swali gumu zaidi ni kulipa kwa nani. Hesabu sura ya 5 yasema mtu arudishe alichokosea na kuongeza sehemu ya tano. Na kama aliyekosewa hana jamaa wa kupokea, malipo ni ya Bwana, yaani apewe kuhani. Ni hatari kuwasomea makasisi kifungu hicho, maana Kanisa laweza kuchukua fedha mkono wa kushoto likajilipa kwa mkono wa kulia. Lakini pale Codrington jamaa wapo. Wanakaa katika parokia ya Mtakatifu Yohana, Barbados, wengine juu ya ardhi ile ile, na wengi ni Waanglikana kama sisi. Mwezi Septemba 2023 USPG ilikiri deni, ikaahidi pauni milioni 7 zitakazotumika huko: kuendeleza wakazi, kufanya utafiti na elimu, kutunza mahali walipozikwa watumwa, na kuwasaidia watu kutafuta jamaa zao.

Tulipowasomea wenzetu habari hizi, walifurahi, mpaka mweka hazina wetu alipouliza jambo ambalo halikuwa limetujia. Chama hicho, alisema, si tajiri kama tunavyodhani. Pauni milioni 7 zikienda Barbados, je, hazitapungua zile za kutusaidia sisi? Palikuwa kimya. Mama mmoja wa Umoja wa Mama, ambaye kwa kawaida hasemi mikutanoni, alisema kwamba nyumbani kwao baba alipofariki deni lililipwa kwanza, na mwaka ule watoto walikwenda shule bila viatu. Mweka hazina aliandika hivyo katika kumbukumbu za mkutano, tukaendelea na habari ya mavuno.