Roho Ilikuwa Wapi?

Mama mmoja aliyefanyiwa upasuaji aliniuliza: "Mchungaji, nilipopewa nusukaputi sikujua kitu. Roho yangu ilikuwa wapi?"

Wataalamu nao hujiuliza. Miaka ya 1990 Roger Penrose wa Uingereza na Stuart Hameroff, daktari wa nusukaputi wa Marekani, walisema fahamu hutokana na fizikia ya kwanta, yaani mwenendo wa vitu vidogo mno, ndani ya seli za ubongo. Mwaka 2000 Max Tegmark alipiga hesabu akapinga: ubongo una joto, hali hizo hutoweka upesi mno. Mabishano hayajaisha.

Ndugu, tusikimbilie kusema sayansi imethibitisha roho. Nadharia ikianguka kesho, na imani ianguke? Mama, ulipokuwa hujijui, Mungu alikujua. Basi mgonjwa asiyejitambua tusimhesabu maiti. Tumshike mkono, tumwite kwa jina lake. Amina.